Kiendeshi cha Kifaa na Mizani ya Kahawa

Mtu yeyote aliyepata kusimama katika gati la Kemondo, kusini ya mji wa Bukoba, akatazama meli ikipakiwa magunia ya kahawa, ameona bila kujua jinsi kompyuta kubwa zinavyofanya kazi. Mkuu wa ghala habebi gunia. Kazi yake ni kuandika orodha: magunia mangapi, yatolewe chumba kipi, yawekwe sehemu ipi ya meli, na baada ya hayo yafuate yapi. Orodha humkabidhi nyapara, naye hurudi mezani kushughulikia hati nyingine. Nyapara na wachukuzi wake huifuata orodha mstari kwa mstari. Wakimaliza, au mambo yakiharibika njiani, nyapara humkatiza mkuu wa ghala katika shughuli zake na kumpa habari.

Ndivyo zilivyobuniwa mashine za System/360, ambazo kampuni ya IBM ya Marekani ilizitangaza tarehe 7 Aprili 1964, na ndivyo zinavyofanya kazi hadi leo kompyuta kubwa za ukoo huo katika mabenki na mashirika mengi duniani. Mkuu wa ghala ni kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu. Nyapara ni chaneli, sehemu ya mashine iliyotengewa kazi moja tu ya kuhamisha data kati ya kumbukumbu na vifaa vya nje. (Katika mashine za bei nafuu nyapara huyo aliazima viungo vya mkuu wake kwa nyakati fupi fupi, lakini utaratibu wa amri ulibaki ule ule.) Wachukuzi ni vifaa vyenyewe: kisomaji cha kadi zilizotobolewa, mashine ya kuchapa, tepu ya sumaku, diski. Na ile orodha huandikwa na programu iitwayo kiendeshi cha kifaa.

Shule za sekondari za Bukoba na Muleba hazina kompyuta kubwa wala hazitarajii kuwa nayo. Hata hivyo zingefanya vema kufundisha jinsi viendeshi vya mashine hizo vinavyoandikwa. Dai hili litaonekana la ajabu kwa mwalimu ambaye darasa lake lina kompyuta tatu kwa wanafunzi hamsini. Basi na alisikilize mpaka mwisho kabla ya kulikataa.

Kwanza, kwa nini taabu yote hii ya orodha na nyapara? Sababu ni tofauti ya mwendo. Mashine ya kuchapa ya IBM aina ya 1403, katika mojawapo ya matoleo yake, ilichapa mistari 600 kwa dakika, kila mstari ukiwa na nafasi 132 za herufi. Kwa macho ya binadamu hiyo ni kasi ya kutisha. Lakini mistari 600 kwa dakika ni mstari mmoja kwa kila sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kumbukumbu ya System/360 Model 40 ilikamilisha mzunguko wake mmoja kwa maikrosekunde 2.5. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kugawanya mwenyewe: katika muda wa kuchapa mstari mmoja, kumbukumbu hukamilisha mizunguko 40,000. Kichakataji kikisimama kungojea mstari huo, kimepoteza elfu arobaini kwa sababu ya mstari mmoja. Hakuna mkuu wa ghala anayeweza kulipwa mshahara kwa kazi ya namna hiyo.

Orodha yenyewe ni fupi kuliko mtu anavyodhani. Kila mstari wake, uitwao neno la amri ya chaneli, una baiti 8 tu. Baiti ya kwanza hutaja la kufanya: 01 ni andika, 02 ni soma, 04 ni ulizia hali ya kifaa. Baiti tatu zinazofuata hutaja mahali katika kumbukumbu ambapo data ipo au itawekwa. Kisha huja alama kadhaa, mojawapo ikisema kwamba orodha inaendelea katika mstari unaofuata; na mwishoni baiti mbili hutaja idadi ya baiti za kuhamishwa. Kusoma kadi moja yenye safu 80 ni mstari mmoja wa orodha: soma, weka hapa, baiti 80. Kiendeshi huandika anwani ya mstari wa kwanza katika mahali maalumu pa kumbukumbu, ambapo katika System/360 palikuwa namba 72, kisha hutoa agizo moja la kuanzisha kazi.

Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kupunguza mwendo. Agizo hilo hurudisha jibu, nayo majibu yanayowezekana ni manne. La kwanza ni kwamba kazi imeanza. La pili ni kwamba kuna taarifa ya hali, isomwe kwanza. La tatu ni kwamba njia ina shughuli. La nne ni kwamba kifaa hakipatikani. Mwanafunzi anayeanza huandika programu yake kana kwamba jibu ni moja tu, lile la kwanza. Programu ya namna hiyo huenda vizuri siku ya maonyesho mbele ya mkuu wa shule, ikaharibika siku ya kazi.

Na hata kazi ikianza, haijulikani bado kama imekwisha. Chaneli inapomaliza hukatiza kichakataji na kuacha taarifa yenye baiti 8. Ndani yake mna hali ya kifaa, hali ya chaneli, na hesabu moja ambayo wengi huipuuza: idadi ya baiti zilizoombwa lakini hazikuhamishwa. Zaidi ya hayo, mashine hizo hutofautisha miisho miwili. Upo mwisho wa chaneli, maana yake data imekwisha kutoka mikononi mwa nyapara, na upo mwisho wa kifaa, maana yake kifaa kimetimiza kazi yake. Mashine ya kuchapa hupokea mstari mzima katika hifadhi yake ndogo ya muda kabla ya kuuchapa. Kwa hiyo chaneli yaweza kumaliza ilhali karatasi bado ni nyeupe. Gunia lililotoka ghalani si gunia lililofika melini. Karani wa bandari anayeandika la kwanza akidhani ameandika la pili atakuja kutafutwa siku ya kuhesabu mali Mwanza.

Karatasi ikiisha je? Kifaa huinua alama ya hitilafu. Alama hiyo haisemi kuna nini. Husema tu kwamba kuna jambo. Hapana budi kiendeshi kitoe amri nyingine, ile ya 04, kuuliza. Jibu litakuja, biti moja ikiwa imewashwa, kwamba mkono wa binadamu unahitajika. Kiendeshi kizuri hapo humwita mhudumu, kikangoja, kisha kikaendelea na mstari ule ule uliokwama, si unaofuata. Kiendeshi kibaya huendelea na kazi, na mstari mmoja wa hati ya mishahara hutoweka bila mtu kufahamu.

Huu ndio moyo wa somo, nao husahaulika hata vyuoni. Watu hudhani kazi ya kiendeshi ni kuhamisha data. Kuhamisha ni sehemu rahisi. Kazi yake ngumu ni kusema kweli: kwamba data imefika au haikufika, imefika yote au pungufu, imefika kama ilivyotumwa au imebadilika njiani. Programu zote zilizo juu yake, za benki, za takwimu, za mitihani, humwamini shahidi huyu mmoja. Akidanganya, zote zimedanganyika, tena bila kujua.

Kubadilika njiani nako si jambo la kubahatisha. Chukua jina BUKOBA. Katika msimbo wa herufi wa mashine za IBM, uitwao EBCDIC, jina hilo huandikwa kwa hesabu ya kizio cha 16 kama C2 E4 D2 D6 C2 C1. Katika msimbo wa ASCII, ambao ndio msingi wa herufi katika kompyuta ndogo za leo, jina lilo hilo ni 42 55 4B 4F 42 41. Hakuna hata baiti moja inayofanana. Mashine za Kiingereza za mfululizo wa 1900 zilikuwa na desturi yao tena, ya herufi zenye biti 6, nne katika kila neno la kumbukumbu. Kiendeshi kikipeleka ASCII kwenye kifaa kinachongojea EBCDIC, kifaa hakitalalamika. Kitachapa takataka kwa utii mkubwa. Zoezi zuri kwa darasa ni kuwapa wanafunzi jina MULEBA waliandike kwa misimbo yote miwili, kisha waeleze ni herufi zipi za BUKOBA zimewasaidia.

Tanzania iliwahi kuwa karibu na elimu hii, ikaachana nayo. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam mwaka 1965. Jina lilikuwa la kampuni ya Kiingereza, lakini mashine ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jipya. Baadaye serikali ilipata mashine ya mfululizo wa 1900. Katika mashine hizo programu ya kawaida haikuruhusiwa kugusa kifaa chochote. Iliomba tu, na programu kuu iliyoitwa Executive ndiyo iliyosema na vifaa. Utaratibu huo ni wa busara, na mifumo endeshi ya leo huufuata. Lakini una matokeo yake: mtu aweza kufanya kazi ya kompyuta miaka ishirini bila kuvuka kizingiti cha Executive hata mara moja.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, ila kwa kibali maalumu. Wapo wanaoicheka amri ile. Si haki kuicheka. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umelazimisha nchi kununua chakula nje, na mashine zilizokuwapo zilitegemea mno wataalamu wa kigeni. Serikali inayochagua kati ya mahindi na kisomaji cha kadi haina sababu ya kuona haya ikichagua mahindi. Hasara ilikuwa mahali pengine. Vikwazo vilipolegezwa katika miaka ya 1980, kompyuta zilizoingia zilikuwa ndogo, zimefungwa tayari, na viendeshi vyake viliandikwa mbali. Vijana walijifunza kutumia. Wachache sana walijifunza kufungua. Leo hakuna marufuku yoyote, na bado hali ni ile ile: vifaa vinaingia kwa makontena, lakini kifaa kikikosa kiendeshi kinachopatana na mfumo mpya, hutupwa stoo kikiwa kizima. Mashine ya kuchapa isiyo na kiendeshi ni sanduku la plastiki tu. Msaada wa vifaa kwa shule hufa hivyo, wala haufi kwa kutu.

Sasa na ageukie msomaji Muleba. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba analeta kahawa yake ya maganda katika chama cha msingi. Mizani nyingi za kidijiti zina tundu la kutolea namba kwa utaratibu wa RS-232, uliowekwa Marekani mwaka 1960, miaka minne kabla ya System/360 kutangazwa. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9,600 kwa sekunde, na biti 10 kwa kila herufi, mizani hutuma herufi 960 kwa sekunde. Tundu hilo aghalabu halitumiki. Karani husoma namba kwa macho na kuiandika kwa mkono, na kati ya jicho na kitabu ndipo ugomvi unapozaliwa: mkulima anasema ameona 59, kitabu kinasema 56.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita aweza kuandika kiendeshi cha mizani hiyo, kiipeleke namba moja kwa moja katika daftari la kompyuta na katika stakabadhi ya mkulima. Lakini asipofundishwa nidhamu ya mashine kubwa ataandika kiendeshi cha hatari kuliko karani. Gunia likitupwa juu ya mizani, namba huyumba. Chukua mfano: 58.4, kisha 61.0, kisha 59.7, ikatulia. Kiendeshi kinachonyakua namba ya kwanza kimemnyima mkulima kilo 1.3, na kimemnyima kwa sura ya heshima, kwa herufi zilizochapwa vizuri ambazo hakuna atakayethubutu kuzipinga. Mizani nyingi hutuma pamoja na namba alama ya kuonyesha kama uzito umetulia au bado. Alama hiyo ni ndugu wa taarifa ya hali ya System/360. Anayejua kwamba agizo lina majibu manne ataitafuta; anayedhani jibu ni moja hataitafuta, kwa kuwa hajui kwamba ipo.

Itasemwa kwamba ni afadhali basi kumfundisha kijana mizani moja kwa moja, na kuziacha mashine za 1964 zipumzike. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, ila inasahau jambo moja. Katika kompyuta ndogo ya leo njia ya kwenda kwenye kifaa imefunikwa kwa matabaka mengi hata mwanafunzi haoni chochote. Katika kompyuta kubwa kila kitu kiko wazi na kimepangwa: orodha ni baiti 8, majibu ni manne, miisho ni miwili. Ni kama kumfundisha mtu mwili kwa kutumia mifupa kabla ya nyama. Tena mifupa hii haikuzeeka. Agizo la kuanzisha kazi lilibadilishwa katika miaka ya 1980, lakini neno la amri lenye baiti 8 bado linaeleweka katika mashine zinazouzwa leo.

Pingamizi la pili ni la mwalimu, nalo ni zito zaidi: kama mtihani hauulizi viendeshi, nani atatoa vipindi? Si lazima kuongeza mada. Vipindi viwili vya klabu ya sayansi vyatosha kwa mwanzo, bila kompyuta wala umeme. Mwanafunzi mmoja awe kichakataji, naye apewe hesabu ndefu za kugawanya ubaoni. Wa pili awe chaneli, wa tatu mashine ya kuchapa, akiwa na kalamu na karatasi. Kichakataji aandike orodha ya mistari mitano, aikabidhi, arudi kwenye hesabu zake. Mwalimu amnong'oneze mashine ya kuchapa kwamba karatasi imekwisha katika mstari wa tatu, na kwamba asiseme chochote mpaka aulizwe. Darasa litazame. Mara nyingi mstari wa tatu utapotea, na mabishano yatakayofuata kuhusu nani aliyeupoteza yatafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa maandishi.

Kwa shule yenye kompyuta moja nzima, iwe Ihungo au shule ya kata huko vijijini, ipo njia ya kwenda mbele zaidi. Programu ya bure iitwayo Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, huigiza mashine za ukoo wa System/360 ndani ya kompyuta ya kawaida. Faili hugeuka kuwa bunda la kadi; faili jingine hugeuka kuwa karatasi ya mashine ya kuchapa. Mwanafunzi huandika maneno yake ya amri baiti kwa baiti, hutoa agizo, na kuiona taarifa ya hali ikirudi mahali pake katika kumbukumbu. Akikosea, hakuna mashine ya mamilioni inayoharibika.

Umeme nao ni mwalimu. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zilipata umeme wa kununuliwa kutoka Uganda, kupitia Kyaka, na wakazi wanajua vema maana ya giza la ghafula. Kiendeshi cha tepu au diski kilichokatwa katikati ya kuandika ni lazima, umeme ukirudi, kiweze kutambua kumbukumbu iliyoandikwa nusu. Katika vitabu vingi vya ng'ambo jambo hilo hupewa kurasa chache mwishoni. Kwa Kagera liwekwe mwanzoni. Mizani ya chama cha msingi itazimika wakati gunia liko juu yake, na programu ikiwaka tena itakuta mstari wenye jina la mkulima, tarehe, na nafasi tupu mahali pa uzito. Kiendeshi kisijaze sifuri hapo, wala kisijaze uzito wa gunia lililotangulia. Kiandike kwamba uzito haukupokelewa, na gunia lipimwe upya mkulima akiwa bado amesimama hapo.